Jirani Anapojenga Ndani ya Mpaka Wako

Katika kata ya Makere, wilayani Kasulu, mpaka wa shamba ulikuwa safu ya minyaa, na shahidi wake alikuwa mzee aliyeiona minyaa hiyo ikipandwa. Utaratibu huo ulitosha watu walipokuwa wachache. Leo hautoshi. Makere iko kando ya barabara iendayo Kasulu na Kibondo, na imepakana na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996. Hatua mbili za ardhi ambazo hazikuwa kitu kwa mkulima wa maharage ni kitu kikubwa kwa anayetaka kujenga fremu ya duka. Hapo ndipo mtu anapoamka asubuhi na kukuta mtaro wa msingi umechimbwa upande wake, na minyaa imekwisha kung'olewa.

Chanzo kingine cha ugomvi ni cha zamani zaidi. Operesheni ya vijiji ilipoanza mkoani Kigoma mwaka 1972, watu waliacha mahame yao na kupangwa kando ya barabara, kwa haraka, na aghalabu kwa hatua za miguu. Baadhi yao walikuja kudai mashamba ya wazee wao. Ili kumaliza migogoro ya namna hii nchini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ilithibitisha kuwa halali ugawaji uliofanywa kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Kwa hiyo anayesema kwamba babu yake alilima hapo kabla ya Operesheni hana budi kuzijua tarehe hizo kabla ya kushika sululu na kwenda kubomoa ukuta wa mwenzake.

Kubomoa ndilo kosa linalowaponza wengi. Mwenye haki akishika sheria mkononi, anakuwa mshtakiwa katika kesi ambayo angeishinda. Kosa la pili ni kunyamaza. Wapo wananchi wanaoona ukuta ukipanda siku hadi siku na hawasemi neno, eti kwa heshima ya ujirani. Sisi hatuoni heshima yoyote katika jambo hilo. Dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12; muda huo ukipita, ukuta uliovumiliwa unaweza kuwa mpaka mpya. Tena ni rahisi kwa jirani kusogeza kamba kuliko kubomoa nyumba iliyokwisha kuezekwa bati.

Basi lisemwe mapema, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande zote, na makubaliano yaandikwe na kutiwa saini. Yakishindikana, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, wala si kutoa hukumu. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, linasuluhisha tu. Likishindwa linathibitisha hivyo, na shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko kwa kuomba zuio la ujenzi. Na ikidhihirika kuwa jirani alikosea bila ya hila, si lazima nyumba ivunjwe: anaweza kutoa kipande kingine cha ardhi, au kulipa fidia. Wazee wa Buha wamemaliza mengi kwa njia hiyo.

Msomaji wa Unguja na Pemba asidhani kwamba haya ni ya bara peke yake. Eka tatu tatu zilizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964 sasa zimo mikononi mwa watoto na wajukuu, na mara nyingi alama ya mpaka ni mnazi au mkarafuu. Mti ukianguka, au ukikatwa usiku, sheha anaachiwa kuamua kwa kumbukumbu za watu. Visiwani ipo Mahakama ya Ardhi, lakini nayo itauliza lile lile linaloulizwa Kasulu: nani aliuona mpaka, na umeandikwa wapi?

Tunawageukia watumishi wa Serikali. Hati ya hakimiliki ya kimila haitolewi mpaka majirani waukubali mpaka, na hilo peke yake lingezuia ugomvi mwingi. Isiwe karatasi ya wenye nauli ya kwenda wilayani. Na Serikali yenyewe ni jirani. Wakulima wa huko wamevutana naye kwa miaka mingi juu ya mpaka wa Hifadhi ya Msitu wa Makere Kusini. Jirani huyu mwenye nguvu anapaswa kuonyesha nguzo zake mapema, mbele ya wanakijiji, kabla mihogo haijafyekwa.

Kiangazi ndicho msimu wa kuchoma tofali na kuchimba misingi katika milima ya Kigoma. Afisa ardhi atakayefika Makere mwezi wa Mei na kamba yake ya kupimia atakuta mitaro bado haijachimbwa. Atakayefika Septemba atakuta bati.