Joho Si la Mtu Mmoja

Wapo kati yetu wanaosema kwamba mzee akisimama kwenye sherehe ya mahafali ya mjukuu wake, akatamka slufay na mkutano ukaitikia, basi tumerudi upagani. Hatukubaliani nao, na tunasema hivyo tukiwa wachungaji.

Tuanze na joho lenyewe. Joho halikuja na Injili. Ni vazi la makasisi na wanachuo wa Ulaya ya kale, enzi ambazo vyuo kama vya Paris na Oxford vilikuwa chini ya kanisa. Ni desturi ya watu, kama slufay ilivyo desturi ya Wairaqw. Ya wageni tumeipokea bila swali. Ya babu zetu tunaidai cheti cha ubatizo!

Watajibu kwamba slufay iliambatana na pombe na matambiko. Ni kweli. Pombe tuiache, na kila ombi lielekezwe kwa Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo. Lakini tusimfunge mzee mdomo. Agano Jipya linasomwa kwa Kiiraqw. Lugha iliyobeba Injili itashindwaje kubeba baraka?

Kule Marekani, wahitimu wengi wenye asili ya Meksiko na nchi jirani huvaa juu ya joho ukanda wenye rangi za nchi ya wazazi wao. Wanasema kwa nguo: hatukufika hapa peke yetu.

Kumbukumbu la Torati 26 ilisema hilo zamani. Mwisraeli aliyeleta malimbuko hakusimulia bidii yake. Alimtaja baba yake mhamaji, mateso ya Misri, na mkono wa Bwana uliowatoa. Kisha akafurahi pamoja na Mlawi na mgeni.

Sasa tutazame sherehe zetu hapa Maretadu. Mshereheshaji anachanganya Kiingereza, meza kuu wamekaa waliochanga fedha nyingi, na mama aliyeuza ng'ombe wake wa maziwa ili ada ipatikane yuko jikoni anapakua pilau. Huo ndio upagani wa kuogopwa: kumsifu mmoja kwa jasho la wengi na kwa neema ya Mungu.

Basi, mama akae mbele. Mzee abariki kwa Kiiraqw, nasi tuitikie Amina. Na mhitimu, kabla ya kukata keki, awataje waliomfikisha. Anayeona aibu kuwataja, hajahitimu bado.