Madai ya Uwanjani Kuhusu Enka Inayoteguka Kila Mara

"Sapoti ya enka inalemaza mguu." Kauli hiyo imeenea kwenye viwanja vya Mafiga, Morogoro, kwa vijana wa mpira wa miguu na kwa wasichana wa mpira wa pete, na imewafanya wengi waendelee kucheza na kifundo kinachoteguka kila baada ya wiki chache. Zipo nyingine za aina hiyo, na husemwa kwa nia njema na makocha, kaka na wachezaji wa zamani. Nazijibu hapa kwa sababu zina gharama. Kijana wa sekondari anayekosa msimu mmoja wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, hana misimu mingi ya kuonekana iliyobaki.

Kwanza tukubaliane juu ya kinachoumia. Mara nyingi enka huteguka kwa namna moja: mchezaji anatua kutoka juu, au anakanyaga mguu wa mwenzake, wayo unageukia ndani na uzito wote unaangukia ukingo wa nje. Kano za upande wa nje wa kifundo huvutika au huchanika. Kano ikishavutika sana huweza kupona ikiwa imelegea. Tena kano si za kushikilia mifupa tu, kwani ndani yake mna neva zinazoiarifu misuli mguu umekaaje. Zikiumia, taarifa huchelewa, na misuli inayopaswa kuurudisha wayo mahali pake hushtuka baada ya jambo kutokea. Watafiti wa Dublin waliofuatilia watu waliotegua enka kwa mara ya kwanza walikuta kwamba baada ya mwaka mmoja takriban 40 katika kila 100 walikuwa bado na enka isiyo thabiti. Kwa hiyo anayeteguka mara kwa mara hajalogwa, wala si kwamba ana mifupa milaini. Ana jeraha ambalo halikumaliziwa matibabu.

Sasa hilo dai la kulemaza. Anayelitoa huwaza kwamba misuli ikisaidiwa italala. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walilipima jambo hili moja kwa moja: watu wenye enka nzima walivaa sapoti kwa wiki 8, kisha wakapimwa jinsi misuli ya nje ya mguu inavyoshtuka wayo ukigeuzwa ghafla. Kasi ya misuli haikupungua. Lakini ushahidi ninaoutegemea zaidi umetoka Afrika yetu hii. Mwaka 1994 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya wachezaji 504 wa mpira wa miguu, waliogawanywa kati ya waliokwisha kutegua enka na ambao hawajawahi. Nusu ya kila kundi walivaa sapoti yenye vibao vya plastiki pembeni. Kwa waliokuwa na historia ya kuteguka, sapoti ilipunguza majeraha mapya mara 5 hivi. Kwa wale wazima, haikuleta tofauti ya maana.

Matokeo hayo yanajibu maswali mawili. Kijana ambaye hajawahi kuumia hana sababu kubwa ya kutumia fedha ya mzazi kununua kifaa hiki. Aliyeteguka mara tatu msimu huu, ndiye hasa aliyetengenezewa.

Dai la pili linakuja kutoka upande wa pili, na linasemwa na watu makini zaidi: mazoezi yanatosha, sapoti ni ya wavivu. Nusu yake ni kweli. Uholanzi, mwaka 2009, wanamichezo 522 waliotoka kuteguka waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa mazoezi ya usawa ya kufanya nyumbani kwa wiki 8, jingine likapata matibabu ya kawaida tu. Katika mwaka uliofuata, 22 kati ya kila 100 wa kundi la mazoezi waliteguka tena, dhidi ya 33 kwa wenzao. Ni faida kubwa kwa kitu kisichogharimu chochote. Lakini katika nchi hiyo hiyo, mwaka 2014, ulichapishwa utafiti uliolinganisha mazoezi na sapoti, na hapo waliofanya mazoezi peke yake waliteguka tena 27 katika 100, waliovaa sapoti peke yake 15, na waliochanganya vyote viwili 19.

Msomaji makini atauliza: imekuwaje waliochanganya wasiwashinde wote? Sababu mojawapo naiona katika muda. Waliopewa sapoti peke yake walitakiwa kuivaa kila mazoezi na kila mechi kwa mwaka mzima. Waliochanganya walivaa wiki 8 tu, kisha wakaivua. Kuvua mapema ndiko ninakokuona sana hapa kwetu pia. Maumivu yakiisha, sapoti inaazimwa na mdogo mtu, halafu inapotelea huko. Ushauri wangu kwa mwenye enka ya kuteguka kila mara ni mwaka mmoja wa kuvaa, bila kuruka "mechi ndogo" ya mtaani, na mazoezi ya usawa kuanzia wiki za mwanzo. Kiwanja cha udongo chenye mashimo baada ya masika hakijui kama mechi ni ndogo.

Mazoezi yenyewe si mageni. Simama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, kwanza ukiwa umefumbua macho, kisha umefumba. Ukiweza, simama juu ya mto. Mwenzako akurushie mpira, uudake bila kushusha mguu wa pili. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukuchongea ubao wa kuyumbia: kipande cha mbao kilicholala juu ya gogo lililopasuliwa nusu, upande wa mviringo ukiwa chini. Dakika 10 hivi, mara tatu kwa wiki.

Hapa Morogoro kuna toleo la pekee la dai hilo la mazoezi kutosha: kwamba kukimbia mlima wa Morning Side ndiko kunakokaza enka. Kupanda milima hiyo ya Uluguru kunajenga mapafu, mapaja na misuli ya nyuma ya muundi, na sitamzuia mtu. Tatizo ni kushuka. Mchezaji anateremka amechoka, mawe yana unyevu, njia imechongwa na maji ya mvua, na kila hatua inatua kwa kishindo. Aliyeteguka mwezi uliopita hana haja ya mtihani huo. Apande kwa kukimbia, ashuke kwa kutembea, na sapoti iwe mguuni muda wote.

Dai la tatu ndilo linalokula fedha bure: sapoti ni sapoti, chukua yoyote. Zinazouzwa zaidi kwenye maduka ya vifaa vya michezo na kwenye meza za wachuuzi mjini ni zile soksi za mpira au kitambaa cha kuvutika, zisizo na kidole wala kisigino. Zinabana, zinatia joto, na humpa mvaaji hisia kwamba mguu umeshikwa. Kwa mwenye uvimbe kidogo si mbaya. Lakini shika soksi hiyo mkononi uigeuze: inafuata kila upande bila kukataa. Hivyo hivyo itafuata wayo ukigeukia ndani. Wengine hununua vigao vya muundi vyenye vipande vya sifongo kwenye kifundo, wakidhani wamepata kinga. Vipande vile vinapunguza makali ya teke tu.

Zinazofanya kazi ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya kamba: kitambaa kigumu kinachofungwa kama kiatu, kisha mikanda miwili inapita chini ya wayo na kuzunguka kifundo kwa umbo la nane. Hii inaingia vizuri ndani ya kiatu cha mpira, na kwa mchezaji wa miguu ndiyo ningeanza nayo, maana kiatu chenyewe kinabana na mguu unahitaji kuuhisi mpira. Ya pili ina vibao vya plastiki pande zote mbili, na nzuri zaidi zina bawaba inayoruhusu wayo kupanda na kushuka huku ikizuia kugeuka. Inahitaji raba pana, kwa hiyo inawafaa zaidi watu wa kikapu, wavu na mpira wa pete, wanaoruka na kutua siku nzima. Aliyeteguka mara nyingi sana, na ambaye kiatu chake kinaruhusu, achukue ya vibao.

Dukani, pima kwanza mzunguko wa mguu juu kidogo ya kifundo kwa futi ya fundi cherehani, kisha linganisha na jedwali la kwenye boksi. Usikubali "hii ni saizi ya wote." Nenda na kiatu unachochezea na soksi zako, kwa sababu sapoti huvaliwa juu ya soksi. Ukishaifunga, jaribu kugeuza wayo ndani kwa mkono: ukigeuka kirahisi, irudishe mezani. Jaribu kuchuchumaa na kukimbia hatua chache mbele ya duka. Ukihisi ganzi vidoleni au ukiona rangi yao inabadilika, imebana mno. Za mitumba si haramu, ila angalia kama mikanda bado inanata na kama plastiki haina ufa. Na kila mtu awe na yake. Sapoti moja inayozungushwa kwa timu nzima huishia kuwa na ukubwa wa mguu usio wa mtu yeyote.

Nne: "nunua kiatu cha shingo ndefu, yaishe." Wachezaji wa kikapu huamini hivi kwa dhati. Mwaka 1993 utafiti wa Marekani uliwagawia wachezaji wa kikapu 622 wa vyuo viatu vya shingo ndefu na vya shingo fupi, na hapakuwa na tofauti ya maana katika kuteguka. Mtazame Stephen Curry, mchezaji wa kikapu wa Marekani. Enka yake ya kulia ilifanyiwa upasuaji mwaka 2011 na tena 2012, na hofu ya enka hiyo ilichangia asaini mkataba uliokuja kuonekana mdogo sana kwa mchezaji wa kiwango chake. Baada ya hapo alijenga nguvu za nyonga na matako ili mwili usiitegemee enka peke yake, na amekuwa akicheza na sapoti ndani ya viatu vyake. Shingo ya kiatu haikuwa jibu.

Tano: bandeji au plasta inatosha. Plasta iliyofungwa na mtu anayejua ni kinga halali, na timu kubwa huitumia. Udhaifu wake ni muda. Tangu mwaka 1962 imejulikana kwamba baada ya dakika 10 za mazoezi makali plasta hupoteza takriban asilimia 40 ya nguvu yake ya kushika. Jasho la alasiri ya Morogoro halisaidii. Tena kila mechi inahitaji plasta mpya na mikono ya kuifunga, na ukijumlisha gharama za msimu mzima, sapoti ya kamba inayokazwa upya wakati wa mapumziko ni rahisi zaidi. Ile bandeji ya kuvutika ya rangi ya khaki inafaa kwa uvimbe wa siku za kwanza. Kwa mchezo haishiki kitu.

Kuhusu hofu kwamba ukiishika enka mzigo unahamia gotini, jibu ni fupi. Wanafunzi 1,460 wa kikapu katika sekondari za Wisconsin walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Waliovaa sapoti za kamba waliumia enka kwa kiwango cha theluthi moja ya wasiovaa. Majeraha ya goti hayakuongezeka.

Limebaki dai ninalolichukia kuliko yote, kwa sababu husemwa na mtu mzima kumwambia mtoto: "Chuliwa na maji moto leo, vaa sapoti, kesho unacheza." Mguu uliovimba dakika hii una mishipa midogo iliyopasuka inayovuja damu. Joto na kuchuliwa kwa nguvu huongeza uvimbe, na kule kuuvuta "urudi mahali pake" kunaweza kuusogeza mfupa uliovunjika. Siku mbili tatu za kwanza ni za kufunga bandeji, kuinua mguu, kuweka kitu cha baridi kilichofunikwa kitambaa na kupunguza kukanyaga.

Kabla ya yote, jiulize kama ni kuteguka kweli. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitunga mwaka 1992 kanuni ambayo hata kocha anaweza kuikumbuka. Kama mchezaji hawezi kupiga hatua nne, au akibonyezwa anapata maumivu juu ya mfupa wenyewe, kwenye ukingo wa nyuma au ncha ya zile nundu mbili za kifundo, kwenye mfupa wa upande wa ndani katikati ya wayo, au kwenye shina la mfupa unaoelekea kidole kidogo, apelekwe hospitali apigwe picha ya eksirei. Na kama enka imeendelea kuyumba baada ya miezi mitatu ya mazoezi na sapoti, aombe kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu huenda kuna kano iliyochanika kabisa au gegedu lililoumia ndani.

Aliyepona hupimwa kabla ya kurudi mchezoni. Asimame kwa mguu ulioumia nusu dakika akiwa amefumba macho. Aruke kwa mguu huo mmoja, mbele na kando, umbali ule ule anaofikia kwa mguu mzima. Akimbie kwa umbo la nane, akate kona kwa kasi, atue kutoka juu, bila maumivu na bila kuuonea mguu huruma. Akishindwa lolote, kocha amwache nje hata kama ni fainali, na sapoti anayovaa isichukuliwe kuwa ruhusa ya kuingia.