Picha ya Bi Harusi Si Tangazo Letu



Kila harusi za Mfunguo Mosi zinapokaribia, wasichana wanaomaliza kozi za ushonaji na mapambo hutujia na suali moja: "Tutajulikana vipi kama hatuweki picha za mabi harusi mtandaoni?" Suali lao ni la haki. Kazi isiyojulikana haileti chakula mezani. Leo tunataka kulijibu wazi wazi, na tunajua jibu letu halitawapendeza wote. Sisi tunaamini mwanamke anaweza kuifanya kazi hii, akajulikana na akaishi nayo vizuri, bila ya kuiweka sura ya bi harusi mbele ya watu wasiomhusu. Tena tunaamini kuwa anayejitangaza kwa sura hiyo anaula mtaji wetu sote.

Kazi yenyewe ni ipi?

Hapa kwetu tumezoea kusema "mpambaji". Lakini wapo wapambaji wanaofunga vitambaa na kuondoka, na wapo wanaobeba harusi nzima kichwani tangu siku ya kuchagua rangi. Huyu wa pili, kwenye filamu, magazeti na matangazo, anaitwa mkurugenzi wa sanaa. Yeye hashoni, hapigi picha wala hachori hina, lakini ndiye anayeamua jicho litaona nini. Wenzetu wa filamu huipa kazi hii heshima kubwa. Mwaka 2019 mwanamke wa Marekani, Hannah Beachler, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar ya usanifu wa mandhari, kwa filamu ya Black Panther. Kuna mabibi wanaodhani kupanga rangi na taa ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Tunawaomba walifikirie hilo.

Kwenye harusi zetu kazi hii ina mambo mengi yasiyoonekana. Taa za manjano zikimulika gauni jeupe, linaonekana kama lilikaa kabatini miaka kumi. Taa ya kijani ikipiga mikononi, hina nzuri inaonekana masizi. Hina ya asili hukoza siku moja au mbili baada ya kupakwa, kwa hiyo siku ya mchoraji lazima ipangwe mapema, si asubuhi ya harusi. Asmini huchumwa ikiwa bado haijafunguka, ikachanua jioni, na kesho yake imeshanyauka. Kikuba cha jana hakimfai bi harusi wa leo. Mkia wa gauni lazima upimwe pamoja na ngazi za jukwaa. Na huku kwetu wakati wa kaskazi, mahameli mazito kwenye ukumbi wenye feni nne ni adhabu kwa bi harusi.

Hakuna mtu mmoja anayeyaweza yote hayo. Kila jukwaa zuri mnaloliona lina nyuma yake fundi cherehani, mchoraji wa hina, mwanamke anayetunga asmini, mwenye viti na vitambaa, fundi umeme, kijana wa gari na mpiga picha. Sisi tuliotoka kwenye kozi ya ushonaji tulifundishwa kukata na kushona. Kujuana na watu tulijifunza wenyewe, na tumeona kuwa ndiko nusu ya kazi. Simu yako ikiwa haina namba ya fundi umeme anayepokea saa tano za usiku, kipaji chako kitazimika pamoja na taa.

Pale penye mtihani

Mahali pengine mkurugenzi wa sanaa huomba kazi kwa kuonesha picha za kazi zake. Anafungua ukurasa wake, mteja anatazama, wanakubaliana. Kwetu sisi pana mtihani. Kazi yetu iliyo bora kuliko zote ni bi harusi mwenyewe: amefanyiwa singo, amepakwa liwa, nywele zimetengenezwa, gauni limemkaa, hina imekoza. Naye amekubali kuonekana hivyo kwa sababu ukumbi ule ni wa wanawake watupu. Mlangoni wamesimama mashangazi wakiwaomba wageni wafunge simu zao. Wanaume wa familia wapo nje kabisa.

Kisha asubuhi yake, ukurasa wa mpambaji uko wazi, na bi harusi yuko pale, kichwa wazi, mabega wazi, na chini yake imeandikwa namba ya simu ya kuweka oda. Ukumbi ulifungwa kwa wajomba wa mume, ukurasa ukafunguliwa kwa dunia nzima. Sasa mashangazi wale walisimama mlangoni kwa faida ya nani?

Tunamjua bi harusi mmoja hapa Unguja aliyefikwa na jambo hili. Aliyempamba aliweka picha zake, akaziondoa siku ya tatu baada ya kuombwa na kuombwa tena. Lakini picha zilikuwa zimeshaingia kwenye makundi ya WhatsApp, na moja iliwafikia jamaa wa mume walioko Muscat kabla ya yule bi harusi hajamaliza fungate. Hakuna ugomvi uliotokea, alhamdulillah, mume ni mtu wa busara. Lakini yeye mwenyewe alituambia kuwa hadi leo, akiingia kwenye nyumba ya jamaa, hujiuliza ni nani aliyemwona. Aliyempamba alipata wateja wapya kwa picha ile. Yeye alipata nini?

Hoja tunazozisikia

Wa kwanza husema: "Lakini alikubali mwenyewe." Aliulizwa lini? Mara nyingi huulizwa akiwa amekaa kwenye kiti, macho yamefumbwa yanapakwa wanja, mama yake analia, gari limeshafika. Hiyo si ridhaa. Mtu wa hali ile hujibu "sawa" kwa kila kitu ili mambo yaishe. Na pengine anayejibu si yeye, ni wifi yake.

Wa pili husema: "Wateja wanataka kuona." Kweli wanataka. Lakini wanataka kuona kazi, na sura ya mtu si kazi yetu. Tukiwa wakweli, picha ya bi harusi mzuri humtangaza uzuri wake. Ukimwondoa bi harusi kwenye picha, ndipo inapojulikana kama jukwaa lako lina kitu au halina.

Wa tatu husema: "Nisipoweka mimi, mwengine ataweka, na wateja watamfuata." Hoja hii ndiyo nzito, na hatutaki kuifanya nyepesi. Wapo wateja waliotukimbia kwa sababu ukurasa wetu hauna sura. Kodi ya duka haipungui kwa kuwa una msimamo. Lakini wapo pia waliokuja kwetu kwa sababu hiyo hiyo, na hao huja na dada zao, na binti za shangazi zao. Mteja aliyeletwa na picha anaweza kuondolewa na picha nyengine. Mteja aliyeletwa na neno la mtu anayemwamini ni mgumu kuondoka.

Hatusemi hapa lipi halali na lipi haramu katika picha. Hayo waulizwe masheikh na maustadhati wetu. Lakini kila mmoja wetu amesoma chuoni kuwa Suratun-Nur, aya ya 31, inaeleza mapambo ya mwanamke yaonekane na nani, na kuwa Suratun-Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Bi harusi anapovua buibui mbele yetu ametuwekea amana. Malipo aliyotupa ni ya kumpamba, hayakuwa bei ya kumwonesha.

Basi tujulikane vipi?

Kwanza, tupige picha za kazi yetu kabla bi harusi hajaingia. Maliza jukwaa nusu saa mapema, washa taa zote, piga. Piga kitambaa kwa karibu, kiti, meza, maua, kona ya sinia la udi. Ukimaliza, weka simu mkobani.

Pili, tuwe na kitabu cha vitambaa dukani. Vipande halisi, atlasi, shifoni, lesi, kila kimoja na rangi zinazokwenda nacho na bei yake. Vaa sanamu la dukani gauni na mtandio ulivyokusudia. Mteja akishika kitambaa kwa mkono anaamini zaidi kuliko akiona kwenye kioo cha simu.

Tatu, habari ya picha isemwe siku ya kulipa arbuni, wiki kadhaa kabla ya harusi, na iandikwe. Aulizwe bi harusi mwenyewe, akiwa ametulia. Na akisema hapana, bei isipande hata shilingi. Masharti hayo hayo wayajue wasaidizi wetu wote, pamoja na yule mtoto wa kubeba mito, kwa sababu simu anayo.

Nne, tutajane. Hili ndilo wengi tunalolikosa. Mkurugenzi wa sanaa huishi kwa mikono ya wenzake, lakini sifa zikija anazifungia kabatini peke yake. Mtu akisifu hina, mtaje mchoraji. Akisifu gauni, mtaje fundi. Mlipe kila mmoja usiku ule ule. Mtume wetu (SAW) ametufundisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na hakusema "subiri bi harusi amalizie deni lake". Fundi uliyemtaja na kumlipa kwa wakati atakuwa tangazo lako kwa kila mteja atakayempima mwaka mzima. Ukiwa na kazi mbili siku moja, mpe mwenzako moja. Atairudisha.

Tano, tutafute na kazi ambazo picha zake hazina mgogoro. Hoteli zinahitaji mtu wa kupanga mapokezi. Kisiwa chetu kina Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, lililoanza mwaka 1998, na Sauti za Busara tangu mwaka 2004, na yote mawili huleta watu wa filamu, muziki na mavazi hadi mlangoni petu. Nenda na jina lako na picha za kazi zako zisizo na sura ya mtu, jitambulishe, uliza nani anatafuta mtu wa mavazi au wa mandhari. Wengi wetu tunaishi mwendo wa daladala moja kutoka Ngome Kongwe, na hatujawahi kuingia kuuliza.

Haya si mambo mapya. Bi Khadija (RA) alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Makka, na alipotafuta mtu wa kumpelekea bidhaa zake Sham alimchagua kijana ambaye watu walikuwa wakimwita Al-Amin, mwaminifu. Hakuoneshwa picha. Sifa ya uaminifu ilimfikia kabla ya mtu mwenyewe. Huo ndio mtandao tunaousema.

Kwenu mabi harusi

Nguvu kubwa iko mikononi mwenu, kwa sababu pesa ni zenu. Kabla hamjatoa arbuni, ulizeni maneno matatu. Picha zitapigwa na nani, mwanamke au mwanamme? Zitakaa kwenye simu ya nani baada ya harusi? Na kwenye ukurasa wake huyu mpambaji, mabi harusi waliotangulia wamekaaje? Hilo la mwisho halihitaji hata kuulizwa, tazameni tu. Alivyowafanyia wenzenu ndivyo atakavyokufanyieni nyinyi. Na mkimpata anayekulindeni, msimlipie kwa "ahsante" tu. Mtajeni kwa dada zenu, kwa wenzenu wa skuli, kwa jirani mwenye binti. Mpambaji asiyeweka sura zenu hana tangazo jengine isipokuwa ndimi zenu. Mkinyamaza, atashindwa na wale wanaokuwekeni wazi, halafu binti zenu hawatakuwa na wa kumchagua.

Na kwenu wasichana mnaoanza: msimu wa kwanza utakuwa mgumu, na wa pili pengine. Shoneni, pangeni, lipeni watu wenu, tunzeni mlichoaminiwa. Mwenyezi Mungu atie baraka katika mikono yenu, awape mabi harusi wetu ndoa za utulivu, na atufanye sote miongoni mwa wenye kutunza amana. Amin.