Spika ya laki saba, na swali la nani anaiwasha

Vijana wenzangu wananiuliza swali moja sana siku hizi, hasa wale walioanza kazi juzi juzi na wanapanga chumba chao cha kwanza. Ukishanunua kitanda, jiko la gesi na mapazia, unanunua nini cha kusikilizia muziki? Wengi wanakuwa na jibu tayari kabla sijafungua mdomo. Wanataka ile spika isiyo na waya, ile ya gharama, wanayoiona kwenye picha za nyumba za Ulaya ikiwa imekaa peke yake juu ya kabati kama chungu kilichovishwa kitambaa.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda aende zake. Sauti yake ni nzuri, tena nzuri sana. Lakini kwa kusikiliza kwa kila siku, ndani ya nyumba nyingi za kwetu, haifai. Na sababu kubwa wala si bei.

Nichukue moja tu tuijadili: HomePod ya Apple. Naichagua kwa sababu nimekaa nayo wiki mbili. Rafiki yangu aliyerudi kutoka masomoni Uingereza aliniachia alipokwenda Songea kuwasalimu wazazi, pamoja na simu yake ya zamani ya kuiendeshea.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Ya kwanza ilitangazwa Juni 2017 na ikaanza kuuzwa Februari 2018 kwa dola 349. Mwaka 2019 bei ikashushwa hadi dola 299, na Machi 2021 kampuni ikatangaza kuachana nayo. Watu wakadhani yameisha. Januari 2023 likatangazwa toleo la pili, kwa dola 299 zile zile. Ndani yake kuna wufa moja inayotazama juu, na spika ndogo tano za sauti nyembamba zimezunguka chini. Uzito wake ni kilo 2.3. Ukiishika mkononi unajua umeshika kitu.

Dola 299 kwa viwango vya kubadilisha fedha vya miaka hii ni zaidi ya shilingi laki saba. Hapo hujalipa usafiri, wala hujaongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kwa mwandishi wa gazeti hiyo si hela ya kutaja kwa sauti. Ila nasema tena, tuiache bei kwanza. Watu wananunua simu za bei hiyo na zaidi, na hakuna anayewashangaa.

Tuanze na haki yake. Vyumba vyetu vingi ni maadui wa muziki: sakafu ya vigae, kuta tupu za tofali, dari ya jipsamu, na zulia labda moja katikati. Besi ikipigwa inagonga ukuta na kurudi, kila kitu kinavuma. Spika hii ina maikrofoni ambazo hazisubiri amri tu. Zinasikiliza mwangwi wa sauti yake yenyewe unavyorudi kutoka ukutani, halafu chipu iliyo ndani inarekebisha sauti iendane na mahali ilipowekwa. Niliihamisha kutoka mezani nikaisogeza kwenye kona, mahali ambapo sabufa yoyote ingegeuka ngoma ya mdundiko, na besi ikabaki imetulia.

Nikapiga nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga gitaa wa Morogoro aliyefariki mwaka 1979. Rekodi nyingi za zamani za bendi zetu ni za mono, yaani sauti yote iko kwenye njia moja, kwa hiyo ukizisikiliza kwa spika moja hupotezi kitu. Gitaa la kati ambalo kwenye simu huwa linafunikwa na sauti za waimbaji, hapa lilitoka mbele likakaa mahali pake. Hata mtu anayesoma habari unasikia anavuta pumzi. Anayesema spika hizi ni urembo mtupu hajazisikiliza.

Sasa tuje kwenye kila siku.

Mama yangu anawasha redio yake kwa kidole gumba huku macho yako kwenye sufuria. Asubuhi anataka kusikia magazeti yakisomwa, mchana taarabu, jioni taarifa ya habari. Redio ile inawashwa na mama, na dada wa kazi, na mjomba aliyefika jana kutoka kijijini, na mtoto wa miaka sita. Hakuna anayeomba ruhusa wala anayehitaji kujiandikisha popote.

HomePod haikubali kuanza kazi mpaka uwe na iPhone au iPad ya kuitambulisha. Haina tundu la waya. Haipokei muziki kwa Bluetooth. Muziki unaifikia kwa waifai, kwa mfumo wa kampuni hiyo hiyo, na simu za Android, ambazo ndizo wengi wetu tunazo, haziingii humo moja kwa moja. Juu yake kuna sehemu ya kugusa ya kuongeza na kupunguza sauti, kusimamisha na kuendelea. Lakini kuchagua kituo au wimbo mpya ni kazi ya simu, au ya mdomo.

Kwa hiyo fikiria nyumba yenye watu watano na iPhone moja. Mwenye nayo akitoka kwenda kazini saa kumi na mbili asubuhi, ameondoka na redio ya nyumba mfukoni. Waliobaki wataongeza na kupunguza sauti ya kile alichokiacha.

Utaniambia, si wanaweza kuiagiza kwa mdomo? Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Msaidizi anayesikiliza amri anaitwa Siri, na pamoja na jina hilo zuri, mpaka leo ninapoandika Kiswahili hakijui. Lugha ya mamilioni ya watu kuanzia Lamu mpaka Lubumbashi haimo kwenye orodha yake. Kijana wa chuo kikuu atambembeleza kwa Kiingereza, atarudia jina la msanii mara tatu kwa lafudhi ya kubuni mpaka aeleweke. Mama yake je? Ndani ya sebule yake mwenyewe anakuwa mgeni asiyejua lugha ya mwenyeji. Kwangu mimi hili ni zito kuliko laki saba. Kifaa cha nyumbani kinachowagawa watu wa nyumba moja kuwa wanaosikika na wasiosikika si cha nyumbani, ni cha mtu mmoja.

Na kwa kuwa tumetaja siri, siri ya mtungi aijuaye kata. Julai 2019 gazeti la The Guardian la Uingereza liliandika kwamba wafanyakazi wa mkataba walikuwa wakisikiliza vipande vya rekodi za Siri ili kupima usahihi wake, na humo mlikuwa na mazungumzo ya faragha ya watu, mengine yakiwa yamenaswa msaidizi alipojiwasha bila kuitwa. Kampuni ikasimamisha zoezi, na Agosti mwaka huo ikaomba radhi na kusema kuanzia hapo rekodi zitasikilizwa kwa ridhaa ya mtumiaji tu. Mwishoni mwa Desemba 2024 ikakubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi ya madai iliyofunguliwa Marekani, bila kukiri kosa. Usikilizaji huo unaweza kuuzima, ni kweli. Lakini HomePod haina swichi ya kukata maikrofoni kwa kidole. Unaizima kwa programu au kwa kuiambia, na unabaki kuamini neno lake. Mimi ni mwandishi. Watu huja nyumbani kwangu kuniambia mambo ambayo wangeyasema ofisini wangefukuzwa kazi. Kwenye chumba kile sihitaji sikio la tatu.

Halafu kuna bando. Hapa tufanye hesabu badala ya kulalamika. Muziki wa mtandaoni wa ubora wa kawaida wa Apple Music unakuja kwa kilobiti 256 kwa sekunde. Hiyo ni kama MB 115 kwa saa. Ukisikiliza saa tatu kwa siku, unakula MB 345. Kwa mwezi, zaidi ya GB 10. Ukichagua ule ubora wa juu usiopunguza chochote, unatumia mara kadhaa ya hapo. Mwenye intaneti ya kulipia kwa mwezi haoni tatizo. Anayenunua bando la siku ataona. Nyimbo ulizozihifadhi ndani ya simu zinapita kwa waifai ya nyumbani bila kugusa bando, hilo ni jema, ila tena utarudi kwenye suala la simu ya nani. Umeme nao ukikatika spika inakatika, kwa sababu haina betri, na kisanduku cha waifai kinazimika pamoja nayo. Ile redio ya betri mbili inaendelea kuongea gizani.

La mwisho ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, na halihusu kampuni moja. Ukinunua spika ya namna hii, umenunua chombo, lakini akili yake inabaki kwa aliyekuuzia. Tuiangalie Sonos, kampuni ya California ambayo wapenzi wengi wa spika za waifai wanaisifu. Januari 2020 ilitangaza kwamba kuanzia Mei mwaka huo baadhi ya vifaa vyake vya zamani havitapata tena programu mpya. Spika zilikuwa nzima, zinapiga. Wateja wakaja juu, na mkurugenzi wake, Patrick Spence, akaomba radhi na kuahidi kuwa marekebisho ya hitilafu na usalama yataendelea kwa kadiri itakavyowezekana. Mei 2024 ikatoa programu mpya ya simu, na watu wakaamka kukuta vitu walivyovizoea havimo, ikiwemo kuweka kengele ya kuamka. Wasioona walikuta programu waliyoitumia vizuri kwa kusomewa sauti haitumiki tena vizuri. Spence aliomba radhi tena Julai 2024, na Januari 2025 akaachia ngazi.

Hakuna mtu aliyeingia kwenye nyumba za wateja wale akazigusa spika zao. Zilibadilika zikiwa kabatini. Kama mteja wa Marekani aliyeko saa chache kutoka makao makuu ya kampuni alipata shida hiyo, wewe uliyeagizia kwa mtu anayekuja Desemba utamlalamikia nani?

Najua upande wa pili watasema nini. Watasema natetea sabufa za Kariakoo, zile zenye taa za rangi, zinazovuma mpaka vikombe vya jirani vinacheza. Sizitetei. Nyingi sauti yake ni mbaya, na muziki wetu unastahili heshima zaidi ya hiyo. Ila tukubaliane kwamba aliyeibuni sabufa ile alimjua mteja wake. Ina tundu la flashi, la memori kadi, redio ya FM, Bluetooth na rimoti. Yeyote anaiwasha. Aibu ni kwamba kifaa cha bei ndogo kinawaheshimu watu wa nyumba kuliko kile cha laki saba.

Watasema pia kwamba huu ni woga wa maendeleo. Siyo. Uingereza ni nchi iliyoendelea, na tangu Aprili 29, 2024 sheria yake inamtaka mtengenezaji wa vifaa vya kuunganishwa na intaneti, spika zikiwemo, aseme wazi ataendelea kuvipa masasisho ya usalama kwa muda gani kwa uchache. Mnunuzi anajua tangu dukani. Sisi tunayo Tume ya Ushindani, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Kudai kwamba kila kifaa cha namna hii kinachouzwa hapa kiwe na tarehe hiyo kwenye boksi, kwa Kiswahili, si jambo kubwa mno. Tunaangalia tarehe ya mwisho ya maziwa ya pakiti. Kwa nini tusiangalie ya spika?

Kwa hiyo kijana mwenzangu mwenye laki saba mkononi, kabla hujazitoa muulize muuzaji maswali manne. Je, inapokea Bluetooth au waya kutoka simu yoyote? Je, bila intaneti inapiga? Je, maikrofoni naweza kuikata kwa swichi, au haina kabisa? Na je, mtu wa nyumbani asiye na simu yangu anaweza kubadilisha kituo? Ikipata manne, nunua kwa moyo mweupe. Ikipata matatu, fikiri kidogo. Ikipata moja au haikupata kitu, basi ujue unanunua spika ya chumbani kwako, yenye sauti tamu, ya mtu mmoja. Hilo nalo si dhambi, mradi usiipeleke sebuleni ukaiita redio ya nyumba.

Mimi laki saba sina. Ningekuwa nazo, ningenunua jozi ya spika za kawaida zenye amplifaya ndani na tundu la waya, halafu chenji ningempelekea mama anunue betri.