Duka huugua ugonjwa wa mwenyewe

Mzee mmoja mwenye duka kisiwani Kiwayu aliketi mbele yangu siku moja, mkono umefungwa kipimo cha presha. Presha ilikuwa juu mno. Nikamshauri aende hospitali ya Lamu akachunguzwe moyo na figo. Akacheka. "Daktari, nikienda Lamu duka nimwachie nani?" Nikamtajia mwanawe mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni. Mzee akashusha sauti: "Huyo bado mtoto." Mtoto mwenyewe ana miaka 31.

Ndugu msomaji, wengi wetu hudhani kwamba mfanyabiashara huamua mambo kwa daftari na hesabu. Katika miaka niliyowatibu wenye maduka, mashua na vibanda, nimeona kwamba hesabu mara nyingi huja nyuma. Kwanza huja tabia: woga, fahari, pupa, au kutomwamini mtu. Katika kampuni kubwa, meneja mwenye pupa huzuiwa na mhasibu au na halmashauri. Katika duka dogo hakuna wa kumzuia mwenyewe. Tabia yake ndiyo sheria ya duka.

Chukua mfano wa huko huko Kiwayu. Tarehe 11 Septemba 2011, wavamizi wenye silaha walishambulia hoteli ya kitalii iliyokuwa bara, mkabala na kisiwa hicho. Walimuua mtalii Mwingereza na kumteka mkewe, ambaye aliachiliwa Machi 2012. Wageni wakakatika. Manahodha wawili ninaowajua walikuwa wakiishi kwa kuwabeba wageni. Mmoja alirudi kuvua msimu ule ule. Wa pili alikaa miaka miwili akiipaka mashua yake rangi kwa pesa za kukopa, akingoja. Je, wa kwanza alikuwa na akili zaidi? La hasha. Wote wawili waliona kwamba mfuko ni mtupu. Ila wa pili aliona haya kushika nyavu tena baada ya kuzoea kuitwa kapteni.

Mwaka 1979, wataalamu Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba uchungu wa kupoteza humwuma mtu kuliko inavyomfurahisha faida ya kiasi kile kile. Ndiyo maana twang'ang'ania biashara iliyokwisha kufa. Si ujinga, ni maumbile. Lakini maumbile yakijulikana, huweza kuchungwa.

Tabia pia hujenga. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Julie Church, mtaalamu wa viumbe vya baharini, aliwaona watoto wa Kiwayu wakichezea vitu walivyotengeneza kwa ndara zilizotupwa ufuoni na mawimbi. Akawahimiza akina mama waziokote, wazioshe na kuzikata. Hapo ndipo ilipoanzia kazi iliyozaa Ocean Sole, kampuni ya Nairobi inayochonga sanamu kwa ndara kuukuu. Wangapi walikuwa wamezipita ndara hizo wakiona taka tu? Udadisi nao ni mtaji.

Kama daktari, naongeza neno moja. Tabia hukaa ndani ya mwili. Mtu asiyelala vya kutosha hukasirika upesi na hupima hatari vibaya. Presha nayo huweza kukaa miaka bila dalili, kisha siku moja ikaleta kiharusi. Siku hiyo yule "mtoto" atakabidhiwa ufunguo bila kufundishwa chochote.

Basi shauri langu ni hili. Usikope, usiuze chombo wala usimfukuze mfanyakazi ukiwa na hasira au hujalala, ngoja kuche. Mtafute mtu mmoja asiyekuogopa, awe mke, mume, ndugu au jirani, umweleze uamuzi wako kabla ya kuutekeleza. Andika hesabu, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Na upimwe presha na sukari, hata kama hujisikii mgonjwa. Mwenye duka asiyeweza kuondoka dukani siku tatu hana duka; duka ndilo lililo naye.

Mzee wangu alikubali hatimaye, akaenda Lamu siku tatu. Aliporudi alihesabu pesa za mauzo mara mbili. Haikupungua hata shilingi. Dawa ya presha ameanza kumeza. Ufunguo wa pili wa duka bado hajauchonga.