Dola iliyopasuka na sigara ya moja moja: watu waambiwe kabla hawajavuka

Kila mara vita vinapofunga barabara ya Masisi, sisi wa redio tunatangaza mambo yale yale: risasi zimesikika wapi, watu wanapita wapi, bariera gani iko wazi. Hiyo ni kazi yetu na tuendelee nayo. Lakini kuna jambo tunaliacha, na linawagharimu zaidi wale wasio na kitu. Noti iliyofungwa katika kitenge cha mama na sigara iliyo mfukoni mwa mzee hazifuati kanuni za kwetu tena mtu akisha kuvuka mpaka. Habari hiyo inafaa itangazwe pamoja na habari ya barabara, si baadaye.

Tuanze na pesa. Walikale inaishi kwa dola. Kasiterite ikifika Mubi inalipwa kwa dola, na kutoka hapo dola inaingia kila mahali: kwa mwenye duka, kwa mwenye moto, mpaka kwenye mahari. Masisi pia, aliyeuza ng'ombe au jibini nyingi anapenda kuweka dola, kwa sababu franka yetu imeshawachoma watu mara nyingi. Mtu akisikia vita vinakaribia, noti hiyo inafungwa katika plastiki, inazikwa karibu na jiko, au inashonwa katika upindo wa nguo. Halafu inatembea siku tatu kwenye mvua pamoja na mwenyewe.

Akifika Goma, kambisti anaiinua juu kwenye mwanga. Ameona mpasuko mdogo kama punje ya mchele. Anairudisha, au anakata sehemu yake. Mama ambaye hana pesa nyingine anakubali, kwa sababu watoto hawajala.

Watu wengi wanafikiri hiyo ni sheria ya Amerika. Hapana. Benki kuu ya Amerika inasema noti zake zote, hata za mtindo wa zamani, bado ni pesa halali. Na ofisi ya serikali yao inayochapa noti hizo, kule Washington, inapokea hata noti iliyoharibika, mradi zaidi ya nusu yake ionekane wazi, na inamrudishia mwenyewe thamani nzima. Lakini Washington ni mbali na Nyabiondo. Kanuni ya mpasuko tumeitunga sisi wenyewe: kambisti anaogopa kambisti mwenzake ataikataa, mwenzake anaogopa benki, na hofu hiyo inashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mtu ambaye hana wa kumsukumia. Na ajabu ni kwamba franka mia tano yetu, nyeusi, imebandikwa na skochi, inanuka samaki, inapokelewa sokoni bila neno!

Mimi naona si haki. Lakini haki ikichelewa, mtu atafute kinga yake. Noti yenye mpasuko uibadilishe mapema kijijini, kwa mtu anayekufahamu, kabla shida haijakushika shingo. Angalia pia mwaka uliochapwa kwenye noti, maandishi madogo karibu na picha. Uganda, ofisi nyingi za kubadilisha pesa zinazikataa noti za miaka ya zamani au zinatoa bei ya chini. Na noti ndogo, za dola moja, tano, kumi, zinabadilishwa kwa bei mbaya kuliko ya hamsini au mia. Maskini, mwenye noti ndogo, anapoteza zaidi kwa kila dola. Kuna pia sheria ya kutopita mpakani na zaidi ya dola 10,000 mkononi, lakini hiyo tuwaachie wenyewe; sijaona mhamaji wa Kitchanga mwenye shida hiyo.

Tangu mwisho wa Januari 2025, benki za Goma zilipofunga, watu wengi wamejifunza njia ya Gisenyi kutafuta pesa. Huko kuna jambo la kujua. Rwanda inataka bei zitajwe na zilipwe kwa faranga zake. Dola si ya kumkabidhi mwenye duka au mwenye teksi kama tunavyofanya Birere. Badilisha kwenye ofisi yenye ruhusa, uchukue karatasi yake, ndipo ununue. Mtu wa kwetu aliyezoea kuona kambisti na meza yake kando ya barabara anaweza kudhani kila anayemwita mpakani ni kambisti. Tanzania nayo, tangu Machi 2025, imekataza kutaja bei au kulipa kwa pesa za kigeni ndani ya nchi. Hata simu inabadilika: hapa M-Pesa au Airtel Money yako ina dola na franka pamoja, lakini akaunti ya simu ya Uganda inahesabu shilingi tu.

Sasa sigara. Najua kuna atakayecheka kwamba watu wanakimbia mabomu na mwandishi anaongea tumbaku. Acheke. Katika kambi za Goma, Kanyaruchinya, Bulengo, Rusayo, kabla hazijavunjwa mwanzoni mwa 2025, wajane wangapi waliwalisha watoto kwa sinia moja: pipi, biskuti, kiberiti, na sigara zinazouzwa moja moja? Ni biashara ya mtu aliyebakiwa na dola tatu. Mama huyo huyo akivuka Bunagana, akafika Nakivale au Rwamwanja, kitu cha kwanza atakachofikiria ni sinia yake.

Uganda ina sheria ya tumbaku ya mwaka 2015, ilianza kutumika Mei 2016. Kuuza sigara moja moja ni kosa. Kumuuzia mtu asiyefikisha miaka 21 ni kosa, hata kama kwetu angeitwa baba wa familia. Kuvuta ndani ya basi, mahali pa kazi au mahali pa watu wengi ni kosa, na sheria inaongeza mita 50 kuzunguka mahali hapo. Mita 50 ni nusu ya kiwanja cha mpira! Mzee wa kwetu mwenye kiko chake, aliyezoea kuvuta akikaa kwenye mlango wa kituo cha afya akingojea zamu, hapo tayari amevunja sheria. Rwanda ina sheria yake ya 2013, inayokataza kuvuta mahali watu wanapokusanyika. Kwa wanaoendelea mpaka Nairobi kutafuta maisha, huko kuna sehemu zilizotengwa kwa wavutaji. Nje ya hapo usiwashe.

Mimi sizilaumu sheria hizo, moshi hauna faida kwa mtoto mgonjwa. Shida ni kwamba anayekamatwa bila kujua sheria, na bila kujua lugha, hawezi hata kuuliza kama faini anayoombwa ndiyo iliyoandikwa.

Kamati za wahamaji zinazoandika majina ya wanaoondoka, mashofa wa magari ya Bunagana, na sisi wa redio, tunaweza kusema maneno haya kwa dakika mbili, kwa Kiswahili, Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda. Redio haihitaji mradi wa mfadhili kwa hilo.

Na makambisti wa Goma, ambao wana vyama vyao, wakae wakubaliane noti yenye mpasuko mdogo inakatwa kiasi gani, au haikatwi kabisa. Waandike bei hiyo kwenye kibao mbele ya meza, mama aisome au asomewe kabla hajafungua fundo la kitenge.