Utafiti wa Ardhi Urudi kwa Mwenye Ardhi

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizaliwa nyumbani kwa Chama. Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wanafunzi 14 wa sheria walianza masomo katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba. Hakikuhamia Mlimani mpaka 1964. Basi tunapokisema chuo hiki hatusemi kama wageni waliosimama mlangoni. Twasema habari za mtoto wetu.

Leo twasema juu ya utafiti wa ardhi, maji, misitu na mifugo, yaani namna ya kuzitumia mali hizi bila ya kuwanyang'anya wajukuu wetu. Kazi hiyo haiwezi elimu moja peke yake.

Tuikumbuke Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga. Mashine walikuwa nazo, fedha walikuwa nazo. Lakini kiangazi udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua hazikutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zimepotea. Mkulima wa Kongwa, aliyeijua mvua ya kwao, hakuwamo miongoni mwa walioketi kuupanga.

Shinyanga nako, wakati wa ukoloni, miti ilifyekwa kwa wingi ili kuangamiza mbung'o, na mingine ikakatwa kupisha mashamba ya pamba. Mtaalamu wa mbung'o aliona amefaulu. Lakini kuni ziliadimika, malisho yakapungua, na udongo ukachukuliwa na maji. Dawa ya ugonjwa mmoja ikazaa ugonjwa mwingine, kwa kuwa aliyeitoa alitazama kidonda asimtazame mgonjwa.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mpango huu ulishika mizizi pale wataalamu walipokubali kujifunza ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho na kulifunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate kula kiangazi. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600 tu. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Hayo yalipatikana kwa sababu bwana miti, bwana mifugo na wazee wa vijiji walifanya shauri moja.

Chuo Kikuu kililiona jambo hili mapema. Mwaka 1967 kiliunda idara ya kuchunguza mali ya asili na kupanga matumizi ya ardhi, ambayo mwaka 1983 iligeuzwa kuwa taasisi kamili. Shabaha ilikuwa njema: mtu wa maji, mtu wa udongo na mtu wa uchumi wafanye kazi chini ya paa moja.

Lakini paa moja halitoshi ikiwa mwenye shamba yu nje. Katika ziara moja ya kazi ya Chama tulimkuta mzee aliyetuambia kwamba wasomi wamemjia mara tatu. Wa kwanza alimwuliza habari za kisima, wa pili miti, wa tatu ng'ombe. "Wote waliandika," alisema, "wala hakuna aliyerudi." Kisima chake kilikuwa kimekauka. Kwake yeye kisima, mti na ng'ombe ni jambo moja. Ni sisi tuliosoma tunaoligawa mafungu matatu.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Wataalamu waende kijijini pamoja, si mmoja mmoja. Wanakijiji washirikishwe tangu swali linapochaguliwa, wasingojewe kujibu tu. Na majibu yasomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji, hata kama yatapigwa chapa kwa lugha nyingine ng'ambo.

Nasi wanachama tuna wajibu wetu. Tusimfukuze mtafiti, maana ujinga haujapata kumstawishia mtu shamba. Tumpokee, tumpe kiti, tumweleze kweli. Lakini kabla hajafunga daftari lake, tumwulize: Ndugu, utarudi lini?

Elimu iliyolipiwa kwa jasho la mkulima ni deni. Dawa ya deni ni kulipa.